Sukari 13, HbA1c 5.9: kisa cha mshiriki mmoja katika utafiti wa insulini, Kisumu

Kisa hiki kimetoka katika utafiti wa tiba ya kisukari uliofanywa katika hospitali moja ya umma, Kaunti ya Kisumu. Jina, umri kamili, makazi, tarehe na jina la utafiti vimeondolewa. Wiki zinahesabiwa kuanzia siku mshiriki alipoandikishwa. Kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi, maafisa wa kliniki, wafamasia na watu wa maabara ambao kazi yao ni kubadilisha dozi kwa kufuata namba zilizo kwenye fomu.

Usuli wa utafiti

Utafiti ulikuwa wa wiki 24. Washiriki wote walikuwa na kisukari cha aina ya 2 ambacho vidonge vimeshindwa kukidhibiti, na waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja liliendelea na kliniki ya kawaida. Kundi la pili lilianzishiwa insulini ya NPH, inayofanya kazi kwa muda wa kati, uniti 10 wakati wa kulala. Muuguzi aliwapigia simu kila wiki kwa wiki 6, kisha kila wiki mbili, akiuliza vipimo vya asubuhi kabla ya kula. Vikiwa bado juu ya 7.2 mmol/L, aliongeza uniti 2. Kila mshiriki alipewa glukomita, mashine ndogo ya kupimia sukari, na boksi moja la stripu 25, za kupima mara tatu kwa wiki.

HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ilipewa kazi mbili. Ya kwanza ni ile iliyozoeleka tangu tafiti kubwa za kisukari, wa DCCT wa mwaka 1993 na wa UKPDS wa mwaka 1998: kuonyesha iwapo tiba imefaulu. Ya pili ni kuamua dozi. Wiki ya 12, HbA1c ikiwa juu ya 8%, insulini iongezwe. Ikiwa chini ya 6.5%, ipunguzwe kwa asilimia 20 ili sukari isishuke kupita kiasi. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyoleta matatizo.

Mshiriki

Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mfanyabiashara wa rejareja, mwenye kisukari kwa miaka 9 na anayeishi na virusi vya ukimwi kwa zaidi ya miaka 10. Alihama kutoka Nakuru, akakatiza ARV kwa miezi 7, na siku 5 kabla ya kuandikishwa alikuwa amerudi CCC, kliniki ya watu wanaoishi na VVU. CD4 yake, hesabu ya chembe za kinga, ilikuwa 148. Alirudishiwa tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri katika kidonge kimoja, pamoja na Septrin (kotrimoksazoli) ya kila siku ya kukinga maambukizi.

Timu ya utafiti ilijua kuhusu ARV, na hapo ilifanya jambo sahihi: metformini ilizuiwa isizidi miligramu 500 mara mbili kwa siku, kwa sababu dolutegraviri ya miligramu 50 kwa siku hupandisha metformini kwenye damu kwa karibu asilimia 80. Vipimo vya kuanzia: uzito kilo 71, himoglobini 13.4 g/dL, kreatinini 94 µmol/L, sukari ya asubuhi 13.1 mmol/L, HbA1c 9.7%. Miguu haikukaguliwa. Itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti, haikuidai.

Yaliyotokea, wiki ya 1 hadi ya 12

Mwisho wa wiki ya 1 alitokwa na upele kifuani na mgongoni, bila homa na bila vidonda mdomoni. CCC ilisimamisha Septrin, na wiki ya 3 ikampa dapsoni miligramu 100 kila siku badala yake. Kwa mtu mwenye CD4 ya 148 huo ni uamuzi wa kawaida, maana hawezi kuachwa bila kinga dhidi ya nimonia ya Pneumocystis.

Dapsoni haikuandikwa kwenye fomu ya utafiti. CCC iko jengo moja, kliniki ya sukari jengo lingine, na mafaili hayatembei baina yao. Swali la dawa mpya liliulizwa kwenye meza ya koridoni, na benchi la wanaosubiri liko karibu kiasi cha kugusana magoti na anayehojiwa. Kadi ya CCC ilikuwa mfukoni, na mfukoni ikabaki. “Kuna dawa yoyote mpya, mzee?” “Ni zile zile tu, sista.” Jibu hilo liliandikwa mara tatu katika ziara tatu. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi lile anaelewa kwa nini.

Insulini ilipanda kama ilivyopangwa hadi uniti 22 wiki ya 6. Sukari ya asubuhi ilishuka kutoka 13 hadi karibu 9, kisha ikakwama hapo. Simu ya wiki ya 8 ilikuta stripu zimeisha. Boksi la pili lilifika wiki ya 11, na katika pengo hilo dozi ilibaki 22.

Wiki ya 12 HbA1c ilirudi ikiwa 5.9%.

Uamuzi wa wiki ya 12

Ukurasa wa ziara hiyo unastahili kusomwa mstari kwa mstari, kwa kuwa jibu lote lilikuwa pale pale. Vipimo sita vya asubuhi vya siku zilizotangulia: 8.4, 9.7, 8.9, 10.1, 9.0, 9.2. HbA1c: 5.9%. Himoglobini haikupimwa. Oksijeni kwa kipimo cha kidoleni: 93%, kwa mtu asiye na kikohozi, asiyehema, aliyepanda ngazi mwenyewe. Pembeni, kwa penseli, muuguzi aliandika neno moja: “haviendani”.

Daktari wa utafiti aliliona neno hilo na akalifikiria. Hoja yake ilikuwa hii: NPH inayodungwa usiku huwa na nguvu zaidi saa 4 hadi 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo huenda sukari inashuka sana saa tisa usiku, mwili unajitetea kwa kuipandisha, na asubuhi inasomeka 9. Ikiwa ndivyo, kuongeza insulini kungekuwa hatari, na HbA1c ya 5.9% ingekuwa ushahidi wa kwamba usiku kuna mshuko mkubwa. Isitoshe, itifaki ilisema wazi kwamba chini ya 6.5% dozi ipunguzwe. Ikashushwa kutoka 22 hadi 18.

Hoja hiyo haikuwa ya kizembe. Kasoro yake ni kwamba ilikuwa rahisi kuijaribu, na haikujaribiwa. Stripu mbili za saa tisa usiku, siku mbili tofauti, zingetosha. Zilipokuja kutumiwa wiki 5 baadaye zilisoma 10.3 na 9.6. Hapakuwa na mshuko wowote.

Hesabu nayo ingesema vivyo hivyo. Utafiti wa ADAG wa mwaka 2008, uliolinganisha HbA1c na wastani wa sukari, ulitoa kanuni inayotumika hadi leo: wastani wa sukari kwa mmol/L ni HbA1c mara 1.59, toa 2.59. Kwa 5.9% unapata 6.8. Vipimo vyote sita vya asubuhi, wakati ambao kwa kawaida sukari huwa chini kuliko saa nyingi za mchana, vilikuwa juu ya 8. Ili wastani wa siku nzima uwe 6.8 ilhali asubuhi iko 9, ingebidi mtu huyu ashinde saa nyingi na sukari ya chini sana, na mtu wa namna hiyo kwa kawaida hutetemeka, hutokwa na jasho, huota ndoto mbaya. Aliulizwa kuhusu dalili hizo. Hakuwa na hata moja.

Wiki ya 17

Alirudi kabla ya siku yake, akichechemea kidogo, bila kulalamikia maumivu. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia palikuwa na kidonda cha sentimita 1.6, na wekundu ulioenea zaidi ya sentimita 2 kukizunguka. Msumari ulikuwa umetoboa kandambili na yeye akatembea nao, kwa maelezo yake, “labda siku mbili”. Uzi wa kupimia hisia wa gramu 10 hakuusikia sehemu 7 kati ya 10. Kijiti kisafi kilichoingizwa kidondani hakikugusa mfupa, na eksirei haikuonyesha mfupa ulioliwa. Alilazwa siku 4, akapewa flukloksasilini, kidonda kikakatwa nyama iliyokufa, na mguu ukawekewa pedi ya feliti iliyotobolewa tundu ili uzito usikanyage kidonda.

Kwa kuwa alilazwa, tukio liliripotiwa kwa kamati ya maadili kama tukio zito. Ripoti hiyo ndiyo iliyomlazimu mtu mmoja kulifungua faili lote na kulisoma kwa mfululizo, na swali la wiki ya 12 likafufuka.

Kutafuta chanzo

Jambo la kwanza lilikuwa kuhakiki glukomita, kwa sababu mtu mwenye damu pungufu anaweza kusomewa sukari ya juu kuliko ilivyo na baadhi ya mashine. Damu ya mshipani ilichukuliwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu, ikapelekwa maabara kwa mkono ndani ya dakika 15 na kuzungushwa papo hapo. Ikiachwa kwenye joto la Kisumu ikisubiri boda, sukari huliwa na chembe zenyewe na jibu linashuka. Maabara ilisoma 13.2, glukomita 14.1. Tofauti ni karibu asilimia 7, na viwango vya kimataifa vinakubali hadi asilimia 15 kwa sukari ya kiwango hicho. Glukomita ilikuwa sawa.

Kisha mshiriki alipimwa mara saba kwa siku, siku mbili akiwa wodini: kabla ya kila mlo, saa mbili baada ya kila mlo, na saa tisa usiku. Siku ya kwanza: 10.8, 16.2, 12.9, 15.7, 13.1, 16.8, 10.3. Siku ya pili: 10.1, 15.4, 12.2, 15.9, 12.7, 15.8, 9.6. Wastani wa vipimo vyote 14 ni 13.4. Ukigeuza kanuni ya ADAG, sukari ya 13.4 inadai HbA1c ya karibu 10.1%. HbA1c iliyorudiwa wiki hiyo ilisoma 5.6%.

Sampuli ikapelekwa maabara nyingine yenye mashine ya aina tofauti. Ikarudi 5.7%. Hapa ndipo wengi hupotea, na timu nayo ilipoteza siku sita. Iliposhuku himoglobini ya seli mundu ilikuwa na sababu: kando ya ziwa watu wanaobeba jini moja ya seli mundu ni wengi, na ziko mashine ambazo himoglobini S huzivuruga. Lakini kipimo cha aina za himoglobini kilionyesha AA, yaani ya kawaida, na hata kama angekuwa mbebaji, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 uliona HbA1c ikishuka kwa takriban pointi 0.3 tu. Haiwezi kueleza pointi 4.

Mashine zote mbili zilisoma kwa usahihi. HbA1c ni sehemu ya himoglobini iliyoshikwa na sukari, na kadiri chembe nyekundu inavyoishi ndivyo inavyozidi kushikwa. Kanuni zote zinachukulia kwamba chembe huishi karibu siku 120. Ikipasuka mapema, na nafasi yake ikachukuliwa na changa ambayo haijakaa na sukari, asilimia inashuka hata kama sukari ni ile ile. Hakuna mashine inayoweza kusahihisha hilo.

Vipimo vya damu viliufuata mkondo huo. Himoglobini 10.9. Chembe nyekundu changa 4.6%, mara mbili ya kawaida. LDH juu na bilirubini juu kidogo, ambazo zote hupanda chembe zinapopasuka, na darubini ilionyesha chembe zilizomegwa ukingoni kama mkate ulioumwa. Malaria hakuwa nayo. Himoglobini ilikuwa imeshuka g/dL 2.5 tangu wiki ya 0, na kuna kitu kilikuwa kinazipasua chembe zake.

Aliyekijua ni mfamasia wa CCC, kwa simu ya dakika mbili: dapsoni, tangu wiki ya 3. Dapsoni hufupisha maisha ya chembe nyekundu hata kwa mtu asiye na upungufu wa kimeng’enya cha G6PD, na hugeuza sehemu ya himoglobini kuwa methimoglobini, ambayo kipimo cha kidoleni huisoma kama upungufu wa oksijeni. Ile 93% ya wiki ya 12 ilikuwa dalili ya kwanza, na ilikuwa imeandikwa kwa wino.

G6PD ilipimwa na kusoma kawaida, lakini jibu hilo halikuaminiwa siku hiyo. Chembe changa zina kimeng’enya kingi, na mtu anayepasuka chembe anaweza kusomeka mzima. Kipimo kilipangwa kurudiwa baada ya miezi 3, na kiliporudiwa kilikuwa kawaida kweli.

Maamuzi baada ya kujua

Dapsoni isingeweza kuondolewa tu, kwani CD4 ilikuwa 189. Kwa kuwa upele wa kwanza ulikuwa mwepesi, CCC ilimzoesha upya Septrin kwa dozi ndogo za dawa ya maji zinazopanda polepole, chini ya uangalizi, kuanzia wiki ya 19. Ilikubali. Njia hii haiguswi kabisa kwa mtu ambaye upele wake ulikuja na homa, malengelenge au vidonda mdomoni.

Insulini ilibadilishwa. Vipimo saba vya siku vilionyesha sukari ikiruka baada ya kila mlo, na NPH ya usiku pekee haifiki huko. Alihamia mchanganyiko wa 30/70 (asilimia 30 insulini ya haraka, 70 NPH), uniti 18 nusu saa kabla ya kifungua kinywa na 10 kabla ya chakula cha jioni, ukapandishwa hatua kwa hatua hadi 24 na 14. Kuanzia hapo dozi iliongozwa na glukomita peke yake, na fruktosamini ikawa shahidi wa pembeni. Fruktosamini huonyesha wiki 2 hadi 3 zilizopita kupitia protini za damu, haijali umri wa chembe nyekundu, ila albumini sharti iwe ya kawaida. Yake ilikuwa 38 g/L. Fruktosamini ilisoma 462 µmol/L, mbali juu ya mpaka wa 285.

Matokeo

Kidonda kilifunga baada ya wiki 10. Kingeweza kufunga mapema. Katika jaribio la Marekani la mwaka 2001, plasta ngumu ya mguu isiyovulika iliponya karibu asilimia 90 ya vidonda vya namna hii ndani ya wiki 12, dhidi ya asilimia 65 kwa kiatu kinachovulika. Hapa hapakuwa na fundi wa plasta aliyefundishwa kuifunga kwa mguu usiohisi, na kuifunga vibaya ni kutengeneza kidonda cha pili.

Wiki ya 24, siku ya kipimo cha mwisho cha utafiti, dapsoni ilikuwa imeachwa wiki 5 tu. Wastani wa sukari ulikuwa 10.2, unaodai HbA1c ya karibu 8.0%. HbA1c yenyewe ilisoma 6.3%. Chembe zilihitaji muda zaidi kuzeeka. Wiki ya 34 himoglobini ilikuwa 13.1, wastani wa sukari 9.5, HbA1c 7.6%. Kwa mara ya kwanza tangu aandikishwe, hesabu na kipimo vilikutana.

Uchambuzi

Kusema kwamba kupunguzwa kwa uniti 4 kulileta kidonda kungekuwa kutia chumvi. Ganzi ile ilijengeka kwa miaka, na msumari ndio uliotoboa. Lakini wiki 5 za sukari ya 13 zilimkuta akiwa na jeraha lililo wazi, na maambukizi hupenda mazingira hayo. Kosa kubwa zaidi kuhusu mguu lilifanyika wiki ya 0: uzi wa gramu 10 unachukua dakika tatu, na ungemwonyesha kuwa mtu wa kupewa viatu vilivyofunika vidole na mafunzo ya kukagua nyayo kila jioni. Utafiti wa dawa ya kisukari usiokagua miguu unapima damu na kumsahau mwenye damu.

Kilichofaa kilikuwa kidogo, nacho kilikuwa cha watu: muuguzi aliyeandika “haviendani”, na mfamasia aliyepokea simu. Fomu ilikuwa na nafasi ya namba ya HbA1c, haikuwa na nafasi ya shaka. Neno la penseli haliingizwi kwenye kompyuta.

Vigezo vya kuandikisha navyo vilikuwa na pengo. Viliwaondoa wajawazito, wenye figo zilizochoka sana na wenye ugonjwa wa seli mundu, basi. Dolutegraviri iliyoanzishwa siku 5 kabla haikumshtua mtu, ingawa mwaka 2020 madaktari wa Kampala walikuwa wameripoti wagonjwa waliopanda sukari ghafla baada ya kuhamia dawa hiyo. Kuna waliopendekeza kwamba dawa ya tatizo hili ni kumtoa kila mwenye VVU au upungufu wa damu. Ni pendekezo la kukataliwa. ADAG yenyewe, iliyotupa kanuni kutoka kwa watu 507, haikuwachukua wenye upungufu wa damu, na hiyo ndiyo sababu kanuni yake inatuangusha huku. Kliniki ya Kisumu ina malaria, ina seli mundu, ina ARV, ina akina mama wanaovuja damu ya hedhi kupita kiasi. Ukiwatoa wote hao, matokeo hayatamhusu mtu aliye kwenye foleni.

Kuhusu data, matokeo ya mshiriki huyu hayakufutwa. Yalibaki kwenye uchambuzi mkuu kama yalivyopimwa, yakawekewa alama, na uchambuzi wa pili ukafanywa bila HbA1c zake za wiki ya 12 na ya 24. Kwenye karatasi alikuwa amefaulu kwa pointi 3.4, na katika kundi la watu 40 mtu mmoja wa namna hiyo anausogeza wastani kwa karibu 0.09 tu. Ni kidogo kwa mtakwimu. Kwake yeye ilikuwa dozi yake yote.

Itifaki ilirekebishwa na kamati ya maadili ikaidhinisha. Kila HbA1c sasa huenda na himoglobini na hesabu ya chembe changa kutoka chupa ile ile ya kifuniko cha zambarau. Muuguzi hukokotoa HbA1c inayotarajiwa kutokana na vipimo vya nyumbani. Ikitofautiana na ya maabara kwa zaidi ya pointi 1.5, dozi haibadilishwi kwa HbA1c, vipimo saba vya siku vinafanywa kwanza, zikiwemo stripu za saa tisa usiku. Oksijeni chini ya 95% kwa mtu asiyehema inaulizwa sababu. Uzi wa gramu 10 unatumika wiki ya 0.

Meza ya dawa ilihamishwa kutoka koridoni hadi chumba chenye mlango, na swali la “kuna dawa mpya?” likaachwa. Mshiriki huja na mfuko wa dawa zote za nyumbani na kuzimwaga mezani, mlango ukiwa umefungwa. Mwezi wa kwanza mifuko miwili ilitoa dawa ambazo hazikuwa kwenye fomu: mmoja ulikuwa na dapsoni, mwingine vidonge vya madini ya chuma ambavyo mama mmoja alikuwa akivimeza kwa wiki 7, navyo pia, kwa mwenye upungufu wa chuma, hushusha HbA1c kwa kuijaza damu chembe changa.